Miche Iliyouawa kwa Huruma

Nyinyi vijana mnaopanga miche kando ya barabara pale Kambu na kuirushia maji kila gari likipunguza mwendo, nawaona. Sijafa, nimeacha kazi tu. Nakaa kwa duka la binti yangu ng'ambo ya barabara na kikombe changu cha chai, nawaangalia mkiuza kung'aa. Mtu wa gari kubwa anashuka, anashika jani, anasema hii kweli ni kijani, anabeba kumi. Kabla afike kwake mche umeshaanza kufikiria kufa. Akirudi kulalamika mnamwambia udongo wake ni mbaya. Udongo wake hauna neno. Ubaya uko kwa hilo debe lenu.

Wacha niwaambie mimi ni nani, maana najua mnaniita yule mzee wa makelele. Mimi ni Mutua. Darasa la sita niliona linatosha, na mwalimu naye aliona hivyo hivyo, hatukugombana. Lakini tembeeni kutoka Kibwezi mpaka mji wa Wote, muulize kila shamba la machungwa lililosimama wima mwaka wa ukame, muulize miche ilitoka wapi. Nyumba yangu ya mawe, pikapu, na digrii ya kilimo ya binti yangu, vyote vilitoka kwa kisu kimoja kidogo cha kukunja. Na huyo wa digrii bado hupiga simu kuniuliza. Sisemi kujisifu. Basi, kidogo najisifu. Ningengoja mnisifu nyinyi ningekufa nikingoja.

Kazi hii nilifundishwa na mama mmoja akiitwa Mama Ndunge, na sitawadanganya kwamba alikuwa mpole. Nasari yake, kitalu cha miche, ilikuwa chini ya neti ya kivuli aliyoshona mwenyewe kwa magunia ya vitunguu. Aliniandika kuteka maji. Kisu nilikiona kwa mbali tu, kama vile mtu wa kawaida anavyoona mbunge. Nilidhani kazi ya nasari ni kumwaga maji, na kwa sababu nilikuwa na nguvu na sikuwa na akili, nilitaka kumwaga mengi. Yeye akaninyang'anya debe.

"Nyanyua mfuko," akasema.

Nikanyanyua ule mfuko mweusi wenye mche.

"Ni mzito ama mwepesi?"

"Mzito, Mwaitu." Mwaitu ni mama kwa Kikamba, na kwa mtu kama yule hungethubutu kumwita kingine.

"Sasa unampa maji mtu ambaye bado ana kikombe mkononi. Huu mche unaenda kuolewa Kyuso kwenye ukame, hauendi Limuru kwa mvua."

Basi hiyo ndiyo shule yangu. Nilinyanyua mifuko mpaka mkono ukajua wenyewe. Mfuko ukiwa mwepesi, bado humwagi. Unangoja saa sita za mchana uone majani yakijikunja. Yakifunguka jioni, unaondoka, unaenda kula. Yakilala yamejikunja mpaka asubuhi, hapo unakimbia na maji, maana umepitisha. Kati ya hizo mbili ndipo mche unapofundishwa. Mtu asiyeweza kutofautisha jani la jioni na jani la asubuhi aende akauze simu.

Na usifikiri sikuharibu. Siku moja Mama Ndunge alikwenda mazishi, akaniambia nianze kuzoesha miche jua. Alimaanisha nitoe neti alfajiri, nirudishe jua likikaza, na kila siku niongeze kidogo. Mimi nikaitoa yote asubuhi, nikaikunja vizuri kabisa, nikakaa juu yake. Aliporudi, majani yalikuwa na mabaka meupe kama kichwa cha mtoto mwenye choa. Hakunipiga. Kila mteja aliyekuja alipelekwa kwanza kuniona mimi, halafu majani. Alisema wataalamu wa mji wanakuja kuangalia kazi ya mtaalamu wa kijiji. Hiyo ilinikaa kuliko kiboko.

Sasa, Mama Ndunge alijua kwamba mche ulioonjeshwa kiu haufi haraka. Kwa nini, hakujua, na ukimuuliza alikuuliza wewe kwa nini una masikio. Aliyenieleza kwa nini ni Daktari Nduku.

Huyu hakuwa daktari wa sindano. Alikuwa mtafiti wa mimea, mtoto wa Makueni aliyesoma mpaka akavaa miwani. Wakati huo nasari ilikuwa yangu tayari, Mama Ndunge alikuwa ameshatangulia. Daktari alikuja kuomba kona ya nasari apande miche yake ya majaribio, mingine ya kiu, mingine ya maji. Nikampa kona, na kwa sababu alikuwa na hela za mtu wa kunyanyua mifuko, nikajiajiri. Nilimcheka sana. Alikata vipande vya majani vidogo kama ukucha, akavitumbukiza kwa barafu yenye moshi, akapeleka Nairobi kama wagonjwa mahututi. Nikamwambia, Daktari, mimi jani nalisoma kwa macho, bure. Akaniambia, "Wewe unasoma uso wa mtu, bwana Mutua. Mimi nataka kusikia anachojiambia ndani."

Nikamwomba anieleze. Hainitokei mara nyingi, kwa hivyo wekeni alama.

Alivyonieleza ni hivi, nami nawapa kwa maneno yangu kwa sababu yake yalikuwa marefu. Kila kipande cha mche, mzizi, jani, hata ngozi ya shina, kina kitabu kilekile kimoja ndani yake. Mimi nilisema ni kama kitabu cha nyimbo kanisani, kila mtu anacho mkononi, wote sawa. Akasema hapo nimepata. Nyimbo zenyewe ndizo jeni. Lakini kanisa halisomi kitabu chote kwa mkupuo, litakuwa kelele. Kuna anayeita namba. Maji yakiwa mengi, zinaitwa namba za kukua, ota jani, refuka, tanua. Mzizi ukionja ukavu, unapeleka habari juu kwa utomvu, na jani likiipata linafunga vile vitundu vya chini ambavyo hupumulia, visikojoe maji yote hewani. Halafu ndani namba zinabadilishwa. Nyimbo za kukua zinazimwa. Zinafunguliwa za kiangazi, za kutengeneza nta juu ya jani, za kutengeneza vitu vya kukinga mwili wa ndani usivunjike ukikauka. Kitabu hakikubadilika hata herufi. Kilichobadilika ni ukurasa.

Halafu akanieleza ile ambayo nyinyi wa debe hamjui mpaka leo. Kitabu kikifunguliwa mara nyingi pale pale, kinaanza kufunguka chenyewe pale. Mche uliopata kiu kidogo, ukapona, ukapata tena, ukapona, kiu ya tatu ikija hauhangaiki kutafuta ukurasa. Daktari alisema kuna alama zinabaki pale penye jeni, kama kukunja kona ya karatasi. Nikamuuliza alama hizo hukaa muda gani. Akasema anayekuambia anajua kwa hakika anakuuzia kitu, inategemea mche na kiu yenyewe. Lakini ukiumwagia maji wiki baada ya wiki, kona zinanyooka. Mche unasahau. Hausahau kwa ujinga, una shughuli za kukua.

Nikamwambia basi mimi ni mwalimu wa miche. Akasema hapana, wimbo ulikuwa kitabuni kabla babu yako hajazaliwa, wewe ni wa kuita namba tu. Tulibishana juu ya hilo mpaka chai ikapoa. Nilimwachia ashinde kwa sababu alikuwa mgeni.

Haya. Sasa mje Kyuso, ndiko somo hili liliko na meno.

Huko Kyuso kulikuwa na mama mjane, Mama Kilonzo. Mume wake, marehemu, alikuwa na mchungwa mmoja nyuma ya nyumba. Mmoja tu. Hakuna aliyejua aliutoa wapi, yeye mwenyewe akiulizwa alikuwa akicheka. Lakini mwaka ambao ndengu zilikauka zikiwa na maua na mbuzi wakala paa za nyasi, ule mchungwa ulizaa. Machungwa madogo, ganda jembamba, na utamu ambao ulikuwa na kitu kama harufu ya asali ndani yake. Mimi nimeonja machungwa ya kila upande, na sikuwa nimeonja lile. Mchwa waliingia kwa mizizi. Mama Kilonzo alipopanda gari kuja Kambu kunitafuta, akiwa na vijiti vya mti huo vimefungwa kwa leso iliyolowa, nusu ya mti ilikuwa imeshakauka.

"Fundi, nimeambiwa wewe unaweza kuuhamisha mti bila kuubeba."

"Umeambiwa na mtu anayejua," nikasema.

"Hakuna mwingine kama huu. Ukifa huu, umekufa na yeye."

Hakulia. Alikuwa anaangalia mikono yangu, kama mtu anayemwangalia dereva kabla ya kupanda gari.

Kazi ya kuunga ni hii, sikilizeni, msiseme sikuwafundisha. Unakuwa na miche ya limau la kienyeji, lile lenye ngozi ya mabaka kama chura. Tunda lake ni kali litakutoa machozi, lakini mizizi yake inaenda chini kutafuta maji kama mtu anayefuata mdeni. Unapasua ganda la limau, unachomeka jicho la mchungwa mtamu, lile chipukizi dogo la kwenye kijiti, unafunga kwa ukanda wa nailoni. Jicho likishika, unakata limau juu. Chini limau, juu chungwa. Mahali vilipokutana panabaki kovu, na hilo kovu mlijue kama mnavyojua mlango wa kwenu. Kinachoota juu ya kovu ni chungwa. Kinachoota chini yake ni limau, hata kikiwa kizuri namna gani, kikate.

Macho ya Mama Kilonzo yalishika karibu yote, na sishangai, mkono ulikuwa wangu. Wakati miche inakua, mti wa Kyuso ulikauka wote, wakaukata kuni. Sasa utamu ule ulikuwa umebaki duniani kwenye mifuko yangu peke yake. Niliifundisha kiu kuliko miche yoyote niliyowahi kuwa nayo. Mpaka ikawa na majani madogo, manene, yenye rangi ya kijani kama shati lililofuliwa sana. Mibaya, kwa kweli. Mche wa kupelekwa Kyuso haupendezi. Ukipendeza, mrudishie mwenyewe.

Nikaipeleka na pikapu wakati mawingu ya Novemba yanaanza kukusanyika. Shamba la Mama Kilonzo halikuwa na ua bado, mbuzi wangekula yote kabla ya chai, kwa hivyo tukaiweka uani kwa kanisa, penye ukuta na tenki ya maji ya mvua. Nikamwambia Mama Kilonzo, mpaka mvua ije, mfuko ukiwa mwepesi kama mkate, ndipo mnapeana kikombe. Kikombe, si debe. Akaitika. Siku ile ile binti yake alijifungua Mwingi, akaenda kumhudumia. Akamwachia maagizo Mama Syombua, mwenyekiti wa akina mama wa kanisa.

Huyu Mama Syombua ni mtu mzuri. Nasema hivyo mapema kwa sababu itabidi nimseme. Ni mtu ambaye ukipita kwake bila kula anaona umemtukana. Sasa mtu kama huyo umwachie miche iliyojikunja majani saa sita mchana.

Niliporudi kwa siku ya kupanda, mvua mbili nzuri zilikuwa zimenyesha, mashimo yamechimbwa, watu wamekusanyika. Kanisa liliamua sehemu ya miche ipandwe pale uani liwe shamba la kanisa, na nyingine kwa Mama Kilonzo. Pasta alikuwa amevaa gambuti mpya za mpira. Nikaingia uani, nikafikiri nimeingia kwa miche ya mtu mwingine. Ilikuwa imerefuka. Majani mapana, laini, yanang'aa kama viatu vya siku ya harusi. Nikashika ncha ya mche mmoja ikakunjika kama mchicha.

Akina mama walikuwa wamepiga safu, wanangoja nishukuru.

"Tulikuta imechoka, fundi," Mama Syombua akasema. "Ilikuwa inatuangalia. Asubuhi tukaipa, jioni tukaipa. Maji ya tenki yalipokwisha tukateka kwa silanga na punda."

Silanga lenyewe ni dimbwi la maji ya mvua, na kutoka pale kanisani ni safari. Walikuwa wamenyima vyombo vyao maji, wakaipa miche. Na mbolea ya kuku juu, walikuwa wameichanganya kwa ndoo. Sasa mtu wa namna hiyo unamwambiaje?

Mimi nilimwambia hivi: "Mama, mmeiua."

Pasta akakohoa akasema fundi yuko na mzaha. Nikasema sina. Nikamweleza habari ya kitabu cha nyimbo, yeye ni mtu wa kitabu, nikajua ataelewa. Nikasema hii miche ilikuwa imezoea kufungua wimbo wa kiangazi, nyinyi mmeiimbisha wimbo wa mavuno kila siku asubuhi na jioni, sasa jua likija haitajua hata ukurasa uko wapi. Nikasema tuirudishe kwa kiu, taratibu, tupande mwisho wa mvua. Pasta akasema fundi, watu wamekuja, mvua imekuja, Bwana ameleta vyote siku moja, na wewe unataka tuvirudishe. Watu wakacheka. Nilikuwa ninachekwa na watu wa gambuti.

"Kwa hivyo maji ndiyo yanaua?" Mama Syombua akauliza. "Hapa Kyuso? Fundi, hebu tuambie mwingine aliyekufa kwa maji hapa."

Hiyo ilikuwa nzuri, nakubali. Hata mimi nilikuwa karibu nicheke.

Wakati huo Mama Kilonzo alikuwa amefika kutoka Mwingi na kikapu bado begani. Alizunguka miche yote akiishika mmoja mmoja. Watu wakampisha, kwa sababu kila mmoja alijua ile ilikuwa miche ya nani. Mvua ikikosewa hakuna nyingine mpaka mwaka ule mwingine. Miche ikifa, hakuna mti wa kurudi kukata macho.

"Nusu yenu, pandeni leo," akamwambia Pasta. "Nusu naenda nayo nyumbani, nitafanya vile fundi anasema. Mti ni wa mume wangu, na mimi ndiye ninayegawa."

Basi wakapanda nusu wakiimba, na mimi nikapakia nusu kwa pikapu bila kuimba. Nilikaa kwa Mama Kilonzo siku mbili nikimfundisha kunyanyua mfuko. Tulikata zile ncha laini, tukaweka neti, tukaanza upya kama wanafunzi waliorudia darasa. Halafu nikarudi Kambu, na simu zikaanza.

"Fundi, imekunja majani yote."

"Saa ngapi?"

"Mchana."

"Nipigie jioni."

Jioni: "Imefungua. Lakini mimi siwezi kuiangalia hivi, fundi. Nimegeuza kiti nikaangalia ukuta."

"Kaa hapo hapo kwa ukuta, mama."

Siku nyingine alinipigia akiwa kando ya mtungi. Nilijua kwa sababu nilisikia maji. Nikamwambia, Mama Kilonzo, weka hicho kikombe chini. Nikasikia maji yakirudi mtunguni. Kuna watu wamepata vyeti kwa kazi ndogo kuliko hiyo.

Mvua ikakatika, kama inavyofanya huku, ghafla, bila kuaga. Jua likawaka zaidi ya wiki mbili. Ile ya kanisa iliangusha majani mpaka ikabaki fimbo, na fimbo zikawa nyeusi kutoka juu kushuka. Akina mama waliteka, wakamwaga, wakaomba. Mawingu yaliporudi kidogo mwezi wa Desemba, Mama Kilonzo akapanda nusu yake, ile mibaya, yenye majani ya rangi ya kufuliwa. Mwingine ulikufa, mwingine mchwa wakautafuna, sisemi uongo. Mingi ilisimama.

Halafu kukatokea muujiza. Kwa kanisa, zile fimbo nyeusi zikaanza kuchipuka. Chini, karibu na udongo, machipukizi yenye nguvu, kijani, yanaenda juu kama moshi. Nilipigiwa simu na watu ambao hawakuwa na namba yangu. Jumapili ushuhuda ukatolewa kwamba kuna fundi alisema imekufa, na sasa imefufuka. Nikaendesha pikapu mpaka Kyuso kwenda kutazama ufufuo. Nikapiga magoti, si kwa maombi, nikaonyesha kovu. Yote yalikuwa yanaota chini ya kovu. Nikaponda jani nikampa Pasta anuse. Akasema linanukia vizuri. Nikamwambia ni vizuri, Pasta, ni limau. Chungwa lilikufa hapa juu, huyu ni yule wa chini anajitokea mwenyewe.

"Fundi ana wivu," Mama Syombua akasema, pole pole kabisa, kama mtu anayemhurumia mgonjwa.

Nikapanda gari nikaenda zangu. Vijana, kuna wakati unamwachia mti aongee.

Mwaka wa tatu uliongea. Ilikuwa siku ya shukrani ya mavuno, watu wameleta ndengu na wimbi na kuku. Shamba la kanisa lilikuwa limezaa vizuri sana, mtu hawezi kukataa, matawi yameinama. Matunda yaliwekwa mbele kwa sinia, yenye mabaka kidogo, lakini ukiamini huoni mabaka. Sikuwa pale, nimehadithiwa na watu wengi na kila mmoja anaongeza lake, lakini wote wanakubaliana hapa: Pasta alisimama, akasema habari ya subira, akamenya moja, akaweka kipande chote mdomoni mbele ya watu. Wanasema jicho moja lilifunga lenyewe. Wanasema alitafuna mpaka akamaliza, kwa sababu ni mwanamume, kisha akasema tuimbe.

Wiki hiyo hiyo Mama Kilonzo akaniita. Alikuwa na machungwa ya kwanza, machache, madogo, ganda jembamba. Hakuwa ameonja. Alikuwa amengoja mimi nifike, sijui kama ni heshima ama alitaka mtu wa kulaumu. Akamenya taratibu, akatia kipande mdomoni, akakaa chini pale pale kwa udongo na nguo yake ya kanisa.

"Ni yeye," akasema.

Akanipa kipande. Nilikula nikiangalia upande mwingine, kwa sababu kulikuwa na vumbi.

Habari ilifika kanisani kabla mimi sijafika barabarani. Kesho yake akina mama walikuja wote, Mama Syombua mbele, kuomba macho ya mchungwa. Hakuomba msamaha, aliomba macho, na kwa mtu kama yeye hivyo viwili vinakaribiana. Mama Kilonzo akakubali. Akanituma niunge juu ya limau nikiwa pale pale Kyuso, miche ikae uani kwa kanisa kama mara ile, na kila mama aupate wake siku ya mvua.

Mara ya mwisho kupita ilikuwa saa sita za mchana. Miche imepangwa safu safu juani, majani yamejikunja yote, imenuna kabisa, ya kupendeza kwa mtu anayejua. Akina mama walikuwa wamekaa kando yake kwenye kivuli cha ukuta, hawaimbi, wanaiangalia kama watu waliopeleka mtoto bweni. Tenki ilikuwa imejaa mpaka inatiririka juu. Mfereji wake wa kufungulia maji ulikuwa umefungwa kwa mnyororo na kufuli kubwa la geti, na Mama Kilonzo alikuwa amekaa kwa kiti mbele yake anasuka kikapu, funguo imening'inia shingoni.

Mama Syombua alinifuata mpaka kwa gari.

"Fundi," akaninong'oneza, "hata kikombe kimoja? Tugawanye?"

Nikageuka kumwangalia Mama Kilonzo. Hakuinua kichwa kwa kikapu chake.

"Nimesikia," akasema.